Vitunguu vya Maua Kutoka Griftu

Jumamosi, 4 Oktoba 1997. Griftu.

Mgomo wa walimu umeingia siku ya nne. Kabla hatujagoma niliwaagiza darasa la saba waandike shajara ya Kiswahili mpaka tutakapofungua, na mtoto mmoja akaniuliza, mwalimu, na yako iko wapi. Basi hii hapa. Afadhali nianze leo, maana zao sitarudi kuzisahihisha.

Nahamia Garissa. Mume wangu Abdilatif ni mfanyabiashara wa mifugo, ana nyumba yake mtaa wa Waberi, na ndani ya nyumba hiyo yumo mke mkubwa, Qali, na watoto wanne. Mimi nina miaka miwili ya ndoa, na miaka yote hiyo nimekuwa mke wa siku za soko: anakuja Griftu kununua ng'ombe, analala siku tatu, anaondoka. Nimechoka kuolewa vipande vipande. Nilimwambia hivyo mwezi wa nane, naye akasema sawa, njoo tukae pamoja. Nikamuuliza Qali anasemaje. Akasema mtaelewana wenyewe. Sijui kama hilo nalo ni jibu.

Ofisi ya elimu imenipa barua ya uhamisho. Nikiipeleka shule niliyopangiwa Garissa kufikia Januari tarehe tano, mimi ni mwalimu wa huko. Nisipoipeleka, nafasi yangu hapa bado ipo. Yule afisa alinikabidhi huku akinitazama kama mtu anayeaga na hajui anaenda wapi. Hakukosea.

Leo nimeshinda nimepiga magoti uani nachimba maua yangu. Yalianza na vitunguu vitatu ambavyo wanafunzi waliniletea kutoka porini mwaka wa tisini na moja. Ni yale maua meupe yenye mistari ya waridi, yanayochomoza kwenye ardhi kavu siku chache baada ya mvua ya kwanza, watu wakabaki kuulizana yalikuwa wapi. Nilidhani vitunguu viko juu juu, kumbe vimeshuka hadi mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Kila kimoja ni kikubwa kama ngumi, kina shingo ndefu na mizizi minene kama tambi. Nimetoa ishirini na vitatu. Vitatu kati ya hivyo nimevikata kwa jembe, na nimevisikitikia kweli.

Naimo, ninayefundisha naye, alisimama mlangoni akauliza kwani Garissa hakuna maua. Nikamwambia yapo. Akauliza, sasa? Nikaendelea kuchimba. Vile ishirini vizima nimevitia kwenye gunia pamoja na mchanga mkavu.

Jumatatu, 6 Oktoba. Wajir.

Juu ya lori, vumbi mpaka kwenye meno. Tunangoja msafara wa polisi utusindikize. Gunia nimelipakata kama mtoto na watu wananicheka.

Jumatano, 8 Oktoba. Garissa.

Nilijiandaa kwa vita. Sikujiandaa kwa ini la mbuzi.

Qali ni mwanamke mrefu, wa miaka arobaini hivi, sauti yake ya chini. Alinipokea mkoba mwenyewe, akanitandikia mkeka mpya wa herio, ile mikeka ya kufunikia nyumba za malishoni, ambao bado ulikuwa unanuka kamba, akaniletea chai ya maziwa ya ngamia, kisha ini, kabla mtu mwingine yeyote hajala. Watoto walikuja mmoja mmoja kunisalimia. Yule mdogo, Ifrah, alinibusu mkono. Chumba changu kiko upande wa kushoto ukiingia langoni, kuta za udongo, juu mabati, kimefagiliwa, kitanda kina neti. "Karibu, mwalimu," Qali alisema, "jihisi uko kwako." Abdilatif, aliyekuja kunipokea kwenye lori, alinishusha tu langoni na kurudi sokoni, na nadhani alifurahi kupata mahali pa kurudi.

Alasiri, wote wakiwa wamelala, nilichukua jembe nikapanda vitunguu vyangu kando ya tangi la maji, safu mbili, shingo juu. Vilikuwa vimekaa gunini siku nne, niliogopa visije vikakauka. Sikumuuliza mtu. Kipande cha ardhi tupu kama kile, nani angekiulizia?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeamka nikakuta gunia limening'inia kwenye msumari nje ya mlango wangu. Nimelifungua: vitunguu vyote ishirini, vimepanguswa udongo, vimezungushiwa mchanga mkavu, mdomo wa gunia umefungwa vizuri kwa kamba. Kando ya tangi pamesawazishwa hata huwezi kujua palichimbwa.

Nimesimama pale na mswaki mdomoni. Ni nani afanyaye jambo baya kwa uangalifu namna hii?

Jumamosi, 11 Oktoba

Joto. Kichwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Redio imesema mgomo umekwisha. Mimi ruhusa yangu ni mpaka mwisho wa muhula, kwa hiyo sina kazi, na humu ndani pia sina kazi. Asubuhi niliinuka mapema nikachukua kinu, nikasema leo nitatwanga mimi. Qali alikitwaa kinu mikononi mwangu polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasema keti, mwalimu, chai iko tayari. Nikajaribu kufua. Nguo zangu nikazikuta zimeshafuliwa, zimekunjwa.

Nimepanda vitunguu tena. Safari hii nimevipanda mlangoni kwangu kabisa, chini ya dirisha. Mahali ambapo hakuna anayepita ila mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Msumarini. Vyote ishirini, na kamba mpya.

Nimejikaza nikamfuata jikoni. Nikamuuliza kwa upole kama ni yeye aliyechimba maua yangu. Hakuona haya hata kidogo. Akasema, "Nimekuwekea, mwalimu. Sitaki kitu chako kipotee kwangu." Kisha akanikatia kipande cha nyirinyiri, ile nyama ya mafuta inayowekwa akiba, akanipa mkononi nile.

Nimekula. Ningefanyaje? Lakini sijui nilichokula kilikuwa heshima au talaka.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo nimevunja chupa ya chai. Ile kubwa yenye maua mekundu, ya wageni, iliteleza mikononi, vigae kila mahali. Qali akasema si kitu, mwalimu, ilikuwa na siku zake. Akafagia mwenyewe. Nusu saa baadaye Ifrah akapoteza kijiko, kijiko tu cha bati, Qali akamfokea hadi majirani wakajua.

Nilitakiwa nishukuru. Badala yake nimejifungia chumbani. Haki ya Mungu nilimwonea wivu yule mtoto.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua imeanza. Abdilatif yuko nyumbani siku mbili, kesho anapeleka ng'ombe Nairobi. Nilimweleza habari ya gunia. Alisikiliza akiwa anakata kucha. Akasema mvua ikizidi lori halitavuka, akasema bei imeshuka, akasema hayo ya maua ni yenu wanawake. Nikamuuliza alimwambia nini Qali kabla sijaja. Akasema, nilimwambia unakuja. Nikasema, nakuja kufanya nini? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza swali la hesabu.

Zamani nilimwona mpole. Leo nimeanza kushuku ni mwoga.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua siku ya tisa. Nilipanda kwa mara ya tatu juzi, katikati ya mvua, nimelowa chapachapa, nyuma ya choo, mahali ambapo hata mbuzi hawapataki. Leo asubuhi gunia liko msumarini.

Sasa naandika kwa hasira, na anayesoma anisamehe, ingawa hakuna atakayesoma. Humu ndani Kiswahili ni cha sokoni tu.

Mwanamke huyu ananifukuza. Hafungui mdomo wake, hapandishi sauti, ila kila nikitia kitu ardhini anakitoa, anakifunga kamba na kukiweka mlangoni kwangu, tayari kwa safari. Ananipa ini ili majirani waseme Qali ana roho nzuri. Ananiita mwalimu, mwalimu, hajawahi hata siku moja kutamka jina langu. Kwani mimi sina jina? Mama yangu aliniita Idil. Halafu usiku mmoja nilipokohoa akaniletea tangawizi na asali, akanishika paji la uso na kiganja chake kikavu, na sikuona uongo wowote katika kile kiganja. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Angekuwa mbaya mara moja, ningejua nashika lipi.

Nimeamua. Narudi Griftu. Barua ya uhamisho naichana. Kesho natafuta lori.

Jumanne, 4 Novemba

Hakuna lori. Barabara ya Wajir imekatika mahali pengi hata hawajui ni pangapi. Sikuichana barua.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Mto Tana umetoka kingo zake, watu wanahamia barabarani na magodoro. Na barabara ya Nairobi nayo imekatika, Abdilatif amekwama huko. Uani maji yanafika kifundo cha mguu, upande wangu zaidi. Kama vitunguu vile vingekuwa ardhini, vingekuwa vimeshaoza. Viko msumarini, vikavu. Sitaki kumshukuru.

Jumanne, 18 Novemba

Chumba changu hakipo.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kitandani miguu juu, kwa sababu chini ni maji, nasoma. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa tangu juzi, nikawa nauona unabadilika rangi, nikajisemea udongo ndio kawaida yake. Mtu wa nyumba za serikali mimi. Nimelelewa kwenye kota za polisi za Wajir, ambako baba alikuwa karani, na nyumba ilikuwa na namba mlangoni na ukuta wa mawe. Sikujua ukuta wa udongo unapoaga unaaga vipi.

Qali alijua. Aliingia bila kubisha, maji magotini, akanishika mkono juu ya kiwiko na kunivuta kwa nguvu hata nikapoteza kiatu. Tulifika katikati ya ua, nikageuka nimuulize kuna nini, na ukuta ukalala chini taratibu, na mabati yakafuata. Kitanda changu kikawa chini ya hayo yote. Fremu ya mlango peke yake ilibaki imesimama, na gunia langu likining'inia kwenye msumari wake.

Qali alienda akalitungua. Alirudi nalo kichwani kwenye mvua, akaliingiza chumbani kwake, akaliweka juu ya kabati. Kisha akaketi chini ghafla na kuanza kutetemeka, mikono, mabega, meno. Nikataka kumfunika shuka. Akasema, "Kaa kitandani, mwalimu. Umelowa."

Alhamisi, 20 Novemba

Sasa tunalala chumba kimoja, watu sita. Mimi nimepewa kitanda. Qali yuko chini na watoto wake wanne. Nimeomba kulala chini, amekataa. Nimeomba mara ya pili, amenizidishia mto. Usiku nasikia wanavyogeuka wote pamoja, mmoja akigeuka wote wanageuka, na mimi niko juu peke yangu.

Ameniokoa maisha, lakini bado mimi ni mgeni. Sioni mbele wala nyuma.

Jumamosi, 29 Novemba

Ndege za misaada. Maharagwe. Ifrah anajifunza kusoma kwa maandishi ya gunia la unga.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetoa vitunguu gunini vipunge hewa. Kimoja kimelainika, nimekitupa. Qali alikuwa anatazama. Aliuliza ua lake liko vipi, nikamweleza, na jinsi kitunguu kinavyokaa chini mpaka kwenye kiwiko. Akasema kwao Tarbaj yapo, walipokuwa wadogo waliyavaa masikioni. Hii ndiyo mara ya kwanza ameniambia jambo lake mwenyewe. Nikangoja aendelee, naye akaenda kuangalia maji ya chai.

Jumapili, 14 Desemba

Mbuzi wa Qali wanatupa mimba. Leo watatu.

Jumatano, 17 Desemba

Saba. Na wawili wamekufa. Redio inasema kuna homa imeingia kwenye mifugo na kwa watu, msichinje mgonjwa, msishike mzoga kwa mikono mitupu. Mbuzi hawa ni mali yake mwenyewe, si ya Abdilatif, ni baki ya mahari yake. Anakaa mlangoni anawatazama. Nimesema pole mara nyingi hata neno limechakaa.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo tumegombana juu ya mzoga.

Kulikuwa na mbuzi jike wa kahawia amekufa tangu alfajiri, na watoto wanazunguka pale. Nilifunga mifuko ya nailoni mikononi, mmoja mmoja mpaka kwenye kiwiko, nikamshika miguu ya nyuma nianze kumburura kwenda kwenye shimo la kuchomea mizoga. Qali akatokea, naye amejifunga mifuko, akashika miguu ya mbele. Nikadhani ananisaidia. Kumbe anavuta kwake.

"Acha, mwalimu. Si kazi yako."

Basi hapo kitu kikakatika ndani yangu. Nikasema, "Ni kazi ya nani? Miezi miwili na nusu nala kwako kama mtu aliyekuja harusini. Sipiki, sifui, siokoti hata kijiti. Nikipanda kitu unakichimba. Kama hunitaki, niambie kwa mdomo wako, nijue."

Yeye anavuta huku, mimi navuta kule, mbuzi katikati, tope limetupanda mpaka kiunoni. Angetuona mtu wa tatu angefikiri tunamgombania kwa ajili ya kitoweo.

Qali aliacha miguu ile. Nikaanguka kitako kwenye tope.

"Wewe ndiye hukusema," alisema. "Mimi nimengoja. Siku uliyoingia nilingoja mpaka magharibi. Nikangoja kesho yake. Hukusema."

Nikamuuliza, niseme nini? Alinitazama, na nikaona kwamba na yeye, kwa miezi yote hii, amekuwa akinitazama bila kuelewa anachokiona.

Tulimchoma mbuzi kwanza. Halafu, tumeshaoga kwa sabuni na majivu, tukiwa tumekaa mlangoni, alinieleza, na nayaandika hapa kama nilivyoyashika. Baba yake alipooa mke wa pili, huko malishoni Tarbaj, bibi harusi alifika na ngamia amebeba nyumba yake nzima: mikeka, vijiti, vibuyu. Hakushusha hata kibuyu. Alisimama na ngamia wake nje ya boma, akamwambia mama yake Qali, nionyeshe mahali. Mama alimaliza kukamua ndipo akatoka, akatembea, akakanyaga ardhi kwa kisigino. Hapa. Tangu siku hiyo wakawa watu wa boma moja, wakafokeana na kusaidiana mpaka uzeeni. Anayeshusha mzigo bila kuomba mahali, ama ni mgeni wa siku chache, na mgeni anapewa ini na mzigo wake unatunzwa usitawanyike, ama ni mtu aliyekuja kumwondoa mwenye nyumba.

"Nikakuona umefika, hukuniuliza, ukachimba ardhi," Qali alisema. "Nikajiuliza, huyu ni yupi kati ya hao wawili? Nikachagua mgeni. Ndilo lililokuwa jema zaidi."

Nilitaka kumwambia kuwa kwetu mtu anapewa ufunguo. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikuwa nangoja, nikingoja aniambie karibu kwa namna ambayo ningeiamini. Yalikuja yote kwa pamoja. Nikasema tu, pale pale, pua inatiririka, "Abaayo, basi nionyeshe sasa." Abaayo ni dada. Sikuwahi kumwita hivyo.

Akatikisa kichwa.

"Sasa huna pa kwenda. Chumba kimeanguka, barabara imekatika, mume hayupo. Mtu asiye na pa kwenda ataomba popote. Siku utakayokuwa na njia ya kuondoka, niulize tena, nitakujibu."

Jumapili, 21 Desemba

Je, hilo lilikuwa ndiyo au hapana? Nimeligeuza usiku kucha. Chai ameniletea mimi kwanza, kama kawaida.

Jumatano, 24 Desemba

Mbuzi mwingine. Hakunizuia kushika miguu ya nyuma.

Jumatatu, 29 Desemba

Wamepiga kura, walioweza kufika. Sisi hatukufika.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani. Mvua.

Ijumaa, 2 Januari

Mambo mawili kwa siku moja, na mwezi mzima uliopita haukuwa na hata moja.

La kwanza, Abdilatif ameita kutoka Nairobi kwa redio ya mawasiliano iliyoko duka la mtaani. Tulikwenda wote wawili, mimi na Qali, tukasimama kwenye kelele za mashine. Amesema amesikia chumba kimeanguka. Amesema nyumba haitoshi, Idil arudi Griftu afundishe, chumba kikijengwa ataitwa. Alisema ataitwa, kana kwamba sisikii. Qali alishika kile chombo baada yangu, akasema amesikia, akakirudisha kwa mwenye duka.

La pili, kwenye njia ya kurudi tulikutana na karani wa ofisi ya elimu. Jumatatu tarehe tano ndege ya misaada inakwenda Wajir, na walimu wa huko wanapewa nafasi. Jina langu ameliandika. Nisipofika uwanjani watampa mwingine.

Tarehe tano ndiyo siku ya mwisho ya barua. Siku moja, safari mbili. Nikipanda ile ndege, mimi ni wa Griftu. Nikienda shuleni, mimi ni wa Garissa.

Sasa nina pa kwenda, na Qali anajua ninapo.

Jumamosi, 3 Januari

Naogopa. Wacha niliandike hivyo hivyo. Sikuogopa ukuta ulipoanguka kama ninavyoogopa kumuuliza mwanamke huyu swali la maneno mawili. Akisema hapana, nitarudi kwenye nyumba yangu yenye namba, na mume wa siku za soko, na watoto wa darasa la saba, na si maisha mabaya. Nimeyaishi. Mbona basi sipati usingizi? Nilimfuata Abdilatif huku, au nilidhani hivyo. Leo nikimfikiria siuoni uso wake vizuri. Naiona mikono ya Qali, imefungwa mifuko ya nailoni, imeshika miguu ya mbele.

Labda ni mfungo. Labda ni njaa tu.

Jumapili, 4 Januari

Leo mvua imepumzika. Baada ya sala ya alasiri nilitoa gunia juu ya kabati. Qali alikuwa jikoni anakoroga unga wa anjera, ile mikate laini ya kumimina, kwa ajili ya futari. Niliweka gunia chini, mbele yake, sikulifungua. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, na nilikuwa nimevaa buibui langu zuri kama mtu anayekwenda ofisini.

Nikasema, "Abaayo, kesho kuna ndege, na kiti changu kipo. Nimekuja kukuomba unionyeshe mahali."

Hakuinua macho. Alikoroga mpaka unga ukawa sawa, akafunika, akanawa mikono, akajifuta kwenye kanga. Nilihesabu pumzi. Akatoka, nikamfuata na gunia. Alitembea ua wote pole pole kama mtu aliyepoteza sindano. Alipita tangi la maji, nikasema moyoni hapo sipo. Alipita kifusi cha chumba changu. Alifika nyuma ya jiko, akarudi. Alisimama upande wa kulia wa lango, kati ya mlango wake na jiko, mahali palipoinuka kidogo ambapo maji hayakufika msimu wote. Akakanyaga kwa kisigino, mara moja, tope likafanya alama.

"Hapa," alisema. "Na chumba kitafuata hapa hapa. Abdilatif akirudi atajenga." Akaingia jikoni.

Nilibaki nimeduwaa na gunia. Sikujua kama inafaa kulia au kushukuru au kumfuata. Kwa kukosa la kufanya nikavua buibui, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba. Vimebaki kumi na vitano vizima, vingine vimelainika humo humo gunini. Nilikuwa nimefikia cha nne, na sikuwa nikiona vizuri kwa machozi, niliposikia sauti nyuma yangu. Haikuwa ile sauti ya chini. Ilikuwa ile ya siku ya kijiko cha Ifrah.

"Naa, Idil! Hayo ni mashimo au ni nyayo za kuku? Chimba chini, mwanamke, mpaka kwenye kiwiko, si wewe uliyesema? Na jua ndilo hilo linakwenda, watu wamefunga, masufuria ya jana yamekaa pale yanakungoja nani? Mimi nina mikono mingapi?"

Naa ni mwito wa watu wa ndani. Mgeni haitwi naa. Jirani upande wa pili wa ua aliacha kufagia ili asikie vizuri.

"Nakuja," nikasema.

"Unakuja lini? Mwalimu mzima, miezi mitatu unakula tu."

Nilikimbia na tope langu mpaka kwenye masufuria. Yalikuwa manne, moja limeungua chini vibaya, na nililisugua kwa mchanga hata kucha zikaniuma, na Qali alikuja akalichungulia, akasema bado, akanirudishia.